Shuka: Kipimo Kilichoishia Kitandani

Kuna maelezo yanayopendwa sana kuhusu neno shuka, na wepesi wake ndio unaowafanya watu wayapokee bila kuuliza. Yanasema shuka limeitwa hivyo kwa sababu linashuka: ukilitandika juu ya godoro, pembe zake huning'inia mpaka karibu na sakafu. Ni maelezo ya kupendeza, lakini si ya kweli. Shuka la kitandani na kushuka kwenye basi ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, kila moja na ukoo wake. Mama akimwambia mtoto "shuka kitandani", ni mazingira tu yanayotuonyesha kwamba anaamuru na hataji nguo. Lugha nyingi za Kibantu zingeweza kuyatofautisha maneno ya namna hii kwa toni. Kiswahili hakina toni, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sikio halipati msaada wowote.

Msaada unapatikana kwenye sarufi. Kitenzi kushuka kinazaa kama vitenzi vingine vya asili ya Kibantu: shuka, shusha, shukia, shushwa, mshuko. Hiyo *k* inayogeuka *sh* ni ileile ya waka na washa, anguka na angusha, zunguka na zungusha. Kinapotoa nomino, mwisho wake kwa kawaida hubadilika, ndiyo maana tuna mshuko, kama vile anguka ilivyotupa anguko na funika ikatupa kifuniko. Nguo inayoshuka ingetarajiwa kuitwa shuko au kishuko, au jina lolote lenye alama ya kitenzi ndani yake. Shuka la kitanda halina alama hiyo. Halijatokana na kitenzi chochote cha Kiswahili na halijazaa kitenzi chochote. Limekaa peke yake, kama yanavyokaa maneno mengi yaliyopokewa yakiwa tayari yameundwa kwingine.

Neno hili liliundwa katika Kiarabu. Asili yake ni shuqqa, kutoka mzizi wenye maana ya kupasua, kuchana, kugawanya. Shuqqa ni kipande kirefu cha nguo kilichopasuliwa kutoka kwenye kitambaa kikubwa. Umbo lililo jirani kabisa, shaqqa, Waarabu wa leo hulitumia kwa fleti, yaani sehemu ya jengo iliyogawanywa ikawa makazi ya familia moja. Nguo na nyumba hazifanani, ila zote mbili ni vipande vilivyokatwa kutoka kwenye kitu kizima. Njia ambayo neno lilipitia kuingia Kiswahili nayo ni ya kawaida: *q* ya Kiarabu ikawa *k*, kama ilivyokuwa kwa kalamu, kahawa, dakika na wakati, na konsonanti iliyorudiwa ikabaki moja.

Mtazame muuza vitambaa akiwa kazini uone kwa nini jina la kupasua lilifaa. Anapima, anachana kidogo ukingoni kwa mkasi, kisha anauweka mkasi chini, anashika pande mbili na kuvuta. Pamba iliyofumwa kwa uzi wa kukatizana moja kwa moja hupasuka ikifuata uzi, kwa mstari ulionyooka kuliko ambao mkasi ungeukata. Mlio ule wa kitambaa kupasuka ndiyo maana ya kwanza ya shuka. Hakukuwa na kitanda katika maana hiyo wala mtu wa kulala. Kulikuwa na urefu fulani tu, uliotenganishwa na jora, yaani mzigo mzima wa kitambaa.

Na urefu huo ulijulikana. Katika biashara ya pwani ya Afrika Mashariki ya karne ya 19, shuka lilikuwa kipimo, kama leo tunavyosema lita au kilo. Hesabu ilianzia mwilini. Shubiri mbili zilifanya mkono mmoja, yaani dhiraa: kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, karibu inchi 18. Mikono miwili ilikuwa wari, au yadi. Mikono minne ilikuwa shuka moja, na mikono minane doti moja. Juu ya yote lilikuwepo jora lenyewe, mzigo wa kitambaa kama ulivyotoka melini, yadi 30 hivi.

Kipimo cha mwili kina matatizo yake, na wafanyabiashara waliyajua vizuri. Kulikuwa na dhiraa kamili, iliyofika ncha ya kidole, na kulikuwa na dhiraa konde, iliyoishia kwenye ngumi iliyofumbwa. Tofauti ya mmoja na mwingine ni urefu wa vidole tu. Lakini ukiirudia mara nne kwa kila shuka, kisha ukauza shuka mia, umeshajipatia kitambaa cha kutosha kuvisha familia nzima. Mteja aliyejua biashara aliuliza kwanza mkono gani unatumika, kisha akatazama mkono wenyewe ni wa nani. Muuzaji mfupi alikuwa na faida ambayo hakuitolea jasho.

Kitambaa kilichopimwa zaidi kwa shuka ni kile ambacho mpaka leo kinaitwa merikani: pamba nzito, imara, isiyopaushwa wala kutiwa rangi. Jina linasema kilikotoka. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, aliingia mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts, akafika Unguja kuwa konsuli wa kwanza wa nchi yake. Meli za Salem zilileta majora ya kitambaa na kurudi na pembe za ndovu, sandarusi (utomvu mgumu wa mti) na ngozi. Pamba ilikuwa imelimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikafumwa katika viwanda vya kaskazini, ikavuka bahari, kisha ikapasuliwa shuka shuka ili kupelekwa bara na misafara ambayo nayo mara nyingi ilirudi pwani na watumwa. Sioni jinsi ya kuisimulia historia ya nguo hii ya kulalia bila kulitaja hilo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza 1861 na kwisha 1865, vilikata mkondo huo. Nafasi ikachukuliwa na vitambaa vya Uingereza na vya Bombay. Wateja hawakubadili jina: kitambaa cha namna ile kiliendelea kuitwa merikani hata kilipotoka India.

Huko bara, shuka halikuwa bidhaa tu. Lilikuwa fedha. Msafara uliotoka Bagamoyo haukubeba sarafu nyingi, kwa sababu sarafu hazikuwa na kazi kubwa mbali na pwani. Ulibeba nguo, shanga na waya. Wapagazi walipewa posho kwa nguo, nao wakazibadilisha kwa chakula vijijini. Watawala wa njiani, hasa Ugogo, walitoza hongo, na hongo ilitajwa kwa doti na shuka. (Hongo wakati ule ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtu, uliodaiwa hadharani na kubishaniwa hadharani. Baadaye ndipo neno hilo lilipopata maana ya kitu kinachopitishwa chini ya meza.) Kadiri msafara ulivyokwenda mbali na pwani, ndivyo shuka lilivyopanda thamani, kwa kuwa kila hatua ya mpagazi ilikuwa imelipiwa.

Wasafiri wa Ulaya waliopita njia hizo walilazimika kuijifunza hesabu hii haraka. Richard Burton, aliyetoka pwani na John Speke kwenda Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, aliliandika neno hili *shukkah*, kwa *k* mbili. Alijua Kiarabu, na sikio lake lilikuwa bado linasikia shuqqa ndani yake. Katika maandishi ya wasafiri wa namna yake, shuka linajitokeza kama kitu cha kulipia na cha kuvaa.

Kuvaa ndiko kulikokuwa matumizi ya kila siku. Yadi mbili zinamtosha mtu mzima kujifunga kiunoni, au kujitanda begani na kukaza fundo. Kipande kilichokuwa jina la urefu kikawa jina la vazi, kwa sababu kila aliyelipwa shuka moja alikuwa na vazi moja mkononi. Usiku ukifika, vazi lilelile lilifunguliwa kiunoni likafunika mwili mzima. Sidhani kama palikuwa na siku ambayo mtu aliamua kuligeuza vazi kuwa tandiko. Mwenye nguo moja huvaa anachojifunika na hujifunika anachovaa, na jina linafuata nguo popote inapokwenda.

Hapa inafaa kumtazama ndugu yake, doti, kwa sababu yaliyompata yanaeleza yaliyolipata shuka. Doti lilikuwa shuka mbili, yadi nne. Leo doti ni kanga mbili zilizochapwa pamoja kabla ya kukatwa, na kipande kimoja huitwa upande. Lakini upande wa kanga una urefu wa mita moja na nusu hivi, wakati shuka la zamani lilikaribia mita moja na sentimita 83. Kwa hiyo doti la leo ni fupi kuliko doti la misafara, na hakuna anayelalamika, kwa kuwa neno limeshaacha kupima. Limebaki na hesabu: doti ni jozi. Shuka nalo likaacha urefu wake, ila lenyewe likabaki na kazi. Ni nguo pana, bapa, isiyoshonwa mikono wala kola, inayozungushwa mwilini au kutandazwa. Maneno mawili yaliyotembea pamoja kwenye mgongo wa mpagazi mmoja yaliachana njia, moja likaelekea kwa wauza kanga na jingine likaelekea kitandani.

Si shuka zote zilizofika kitandani. Shuka la Kimasai lilibaki njiani, na ndilo lililohifadhi maana ya zamani kuliko mashuka yote. Wamaasai walivaa ngozi kabla ya kitambaa cha dukani kuchukua nafasi hatua kwa hatua, na katika lugha yao ya Kimaa nguo hii huitwa olkarasha. Shuka ni jina walilolitumia Waswahili na wauza nguo. Rangi nyekundu na mirabaraba inayojulikana leo ni ya kitambaa cha kiwandani. Lakini jinsi linavyotumika ndivyo wapagazi walivyolitumia lao: huvaliwa mchana begani, na usiku hujifunikwa. Kiingereza kimeliazima neno hili kwa maana hiyo moja tu, ndiyo maana mgeni anayejua "shuka" kutokana na picha za mbuga za wanyama hushangaa akiingia hotelini na kuambiwa mhudumu anakwenda kubadilisha mashuka.

Sasa turudi kwenye hesabu, maana ina jambo la kufurahisha kwa yeyote aliyewahi kununua godoro. Godoro dogo la mtu mmoja hutajwa kwa futi: tatu kwa sita. Futi sita ni yadi mbili, na yadi mbili ni shuka moja kamili. Upana wa kitambaa kama merikani ulikaribia yadi moja, ambayo ni futi tatu. Maana yake shuka la msafara lingelala juu ya godoro la tatu kwa sita likalifunika ukingo kwa ukingo, lisibakize hata inchi ya kuchomeka chini. Godoro la sita kwa sita lingehitaji shuka mbili zilizoshonwa ubavu kwa ubavu, yaani doti zima. Kufanana huku hakukupangwa na mtu. Mwili wa binadamu ndio uliopima vyote viwili, nguo ya kujifunika na mahali pa kulala.

Shuka la leo la kitanda cha sita kwa sita limezidi hayo yote. Godoro la unene wa inchi nane linadai inchi nane kila upande, na bado unataka kipande cha kukunja chini ili lisichomoke mtu akigeuka. Ukijumlisha, shuka linahitaji futi nane au zaidi kila upande. Wauzaji huliuza kwa jozi pamoja na foronya, na wanunuzi hutofautisha shuka la kutandika na shuka la kujifunika, ingawa kitambaa ni kilekile. Lile lenye mpira pembeni limeikaza tofauti hiyo, kwa sababu haliwezi kufanya kazi nyingine yoyote duniani isipokuwa kushikilia godoro la ukubwa wake. Huwezi kulifunga kiunoni. Nadhani ndilo shuka la kwanza katika historia yote hii ambalo ni tandiko na si kingine.

Majirani wa shuka kitandani nao walitoka mbali, japo hadithi zao ni fupi. Foronya ni neno la Kireno, fronha, lililobaki pwani pamoja na meza na leso baada ya Wareno wenyewe kuondolewa Mombasa mwaka 1698. Blanketi ni la Kiingereza, na limekaribia kulisahaulisha neno la zamani, bushuti. Kitanda chenyewe ni cha Kibantu na kinatokana na kutanda, kutandaza kitu kikaenea: wingu hutanda, utando hutanda, na kamba za kitanda cha asili hutandwa kwenye fremu. Ukoo huohuo ndio uliotupa mtandao, kwa hiyo kitanda na intaneti ya simu yako, kwa upande wa maneno, ni watu wa nyumba moja.

Kutoka kutanda tukapata kutandika, na hapa Kiswahili kimejieleza kwa utajiri kuliko kwenye nguo zenyewe. Unatandika kitanda, unatandika mkeka, unatandika punda kabla ya kumpanda. Matandiko yanaweza kuwa mashuka na blanketi, au yanaweza kuwa ya farasi. Mtu anaweza pia kutandikwa bakora, na hapo hakuna cha kulalia. Kinyume chake ni kutandua, kuondoa kilichotandikwa, kwa mwisho uleule wa kufunga na kufungua. Matandiko, basi, ni jina la jumla lililotokana na kitendo. Shuka ni jina la kitu lililotokana na kupasuliwa kwake. Ndiyo maana godoro likitandikwa bila shuka bado unaweza kusema una matandiko, lakini shuka lililokunjwa kabatini ni shuka vilevile.

Msemo unaolitumia neno hili kuliko yote ni kukumbuka shuka kumekucha. Husemwa kwa anayechukua hatua wakati manufaa yake yameshapita: anayenunua kufuli baada ya kuibiwa, anayefungua kitabu mtihani ukiwa umebaki saa moja. Nguvu ya msemo iko kwenye jambo dogo ambalo kila aliyewahi kulala bila kujifunika analijua. Baridi huzidi alfajiri. Aliyelala amepigwa na baridi usiku kucha, amejikunja, hataki kuamka kutafuta kitu, na anapoinuka mwishowe kuvuta shuka, jua liko nje na joto linakuja lenyewe. Wengine huweka blanketi badala ya shuka, na maana haibadiliki. Lakini ni wazi kwamba shuka la msemo huu ni la kujifunika. Aliyelala hawezi kulikumbuka la kutandika, kwa kuwa yuko juu yake.

Limebaki suala linalowagombanisha watu wanaopenda kusahihishana: ni shuka hili au shuka hii? Kamusi zinaliweka katika ngeli ya li-ya, shuka hili na mashuka haya, na ndivyo nilivyoandika hapa karibu kote. Wasemaji wengi, hata hivyo, husema shuka hii na shuka hizi, wakilipeleka i-zi yanakokwenda maneno mengi ya mkopo. Kwa maandishi rasmi ningebaki na li-ya. Lakini unapolitumia neno kama kipimo, ma- haina kazi, kama ambavyo hatusemi makilo matano ya sukari: doti moja ni shuka mbili, na aliyesema "mashuka mawili" amezungumzia kitu cha kufua.